Kanuni za nishati kwa majengo ya biashara: zinapitishwa mezani, zinafia saiti. Tujadili

#1 KaguaKwanza (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nimekagua majengo ya biashara kwa miaka mingi. Kabla ya hapo nilikuwa ofisini napitia ramani za kuombea vibali. Nafungua uzi huu kwa sababu kila mjadala wa kanuni za nishati (masharti ya kujenga jengo lisilopoteza umeme) naona unaishia kwenye swali lilelile: tupitishe toleo gani? Ni swali la maana, lakini majengo mengi niliyoyaona yameharibikia mbali sana na hapo.

Niwape mfano mmoja. Jengo la ofisi, ghorofa nne, ramani safi kabisa. Paa lilichorwa na tabaka la kuzuia joto la milimita 75. Nilifika siku niliyoitwa, nikakuta zege la juu limeshamwagwa na vigae vimeanza kupangwa. Nikauliza insulesheni iko wapi, nikaonyeshwa risiti. Risiti ilikuwa ya kweli na mzigo uliingia saiti kweli. Nikataka watoboe sehemu tatu. Tulibishana sana, mwishowe wakatoboa mbili. Shimo la kwanza lilikuwa na milimita 50. La pili, karibu na ukuta wa pembeni, halikuwa na kitu, zege limekaa juu ya zege.

Sasa ungefanyaje? Hakuna mamlaka itakayoamuru paa zima livunjwe kwa sababu ya joto. Lingekuwa suala la nondo au ngazi ya kukimbilia moto, kazi ingesimama saa ileile. Kwa nishati iliandikwa barua ya onyo, kibali cha kutumia jengo kikatoka, watu wakahamia. Paa lile litakaa hivyo kwa miaka 40 au 50, na kila siku ya jua viyoyozi vitapigana na joto ambalo kanuni ilishalizuia kwenye karatasi. Ningefika siku mbili kabla, marekebisho yangechukua nusu siku.

Nilichojifunza ni hiki: kanuni ya nishati ina nguvu kwa muda mfupi sana, ule ulio kati ya kazi kufanyika na kazi kufunikwa. Plasta ikishapigwa, dari ikishafungwa, umebaki na makaratasi. Kwa hiyo nchi au manispaa inayotaka kupitisha kanuni ingeanza kujiuliza ni nani atakayekuwa saiti siku ile, na nani atamlipa.

Karibuni, hasa mafundi na wasanifu.

#2 Fundi Dakti

Mkuu umegusa penyewe. Mimi ni wa viyoyozi na njia za hewa. Nikwambie tunavyofanya wengi wetu: maungio ya dakti yanapigwa tepu ya fedha juu ya bati lenye vumbi, dari inafungwa, kazi inakabidhiwa. Tepu ile haidumu, gundi inakauka na inaanza kubanduka. Hewa uliyoipoza kwa umeme wa gharama inamwagika juu ya dari ambako hakuna mtu. Kinachotakiwa ni kusafisha bati na kupaka masitiki (gundi nzito ya kuziba) kwa brashi kwenye kila ungio. Ni kazi ya kuchafuka na inachelewesha. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza.

Na damper ya hewa ya nje, yaani kile kilango kinachofunguka na kufunga kupitisha hewa. Nimefungua mashine moja kwenye paa la jengo la maduka nikakuta damper imefungwa kwa waya wa kufungia nondo ili isisogee. Mota yake iliungua zamani. Kwenye hati za kukabidhi imeandikwa "inafanya kazi kiotomatiki". Hapo kanuni gani tena?

#3 Mwenye Majengo

Niwe muwazi, mimi niko upande wa pili. Kila kanuni mpya kwangu ni gharama mpya. Kioo maalumu, insulesheni, sensa (vihisi vya kuzima taa), mshauri wa kuandika ripoti, halafu mkaguzi wa kumsubiri huku benki inahesabu riba. Na umeme si mimi ninayeulipa, ni mpangaji. Nishawishini.

#4 KaguaKwanza

Mwenye Majengo, asante kwa kusema wazi. Hilo la mwisho ulilolisema ndiyo sababu kubwa ya kanuni kuwepo. Anayejenga halipi bili, na anayelipa bili hakuwepo wakati wa kujenga. Soko likiachwa peke yake, hakuna anayekuwa na haraka ya kuweka insulesheni.

Kuhusu gharama, nikuombe tuhesabu taa. Kiwango cha Marekani cha nishati kwa majengo kinachoitwa ASHRAE 90.1 (ASHRAE ni chama cha wahandisi wa viyoyozi), ambacho nchi nyingi zimekiazima, toleo la 1999 liliruhusu jengo la ofisi taa za wati 1.3 kwa futi moja ya mraba, yaani kama wati 14 kwa mita ya mraba. Toleo la 2004 likashusha hadi wati 1.0. La 2019 likafika 0.64, ambayo ni karibu wati 6.9 kwa mita. Chukua ofisi ya mita za mraba 10,000. Kwa kiwango cha 1999 ni kilowati 140 za taa. Kwa cha 2019 ni 69. Umeokoa kilowati 71.

Hapo ndipo wengi wanaacha kuhesabu. Kila wati ya taa inageuka joto ndani ya chumba, na joto hilo lazima kiyoyozi kilitoe. Ikiwa mashine inatoa vipande vitatu vya joto kwa kipande kimoja cha umeme, umepunguza kilowati nyingine kama 24. Hizi zinakugusa wewe mjenzi siku ya kwanza: chila (mashine kuu ya kupoza) ndogo zaidi, pampu ndogo, kebo nyembamba, transfoma ya daraja la chini. Lakini utaiona faida hiyo iwapo mhandisi wako ataupima upya mfumo wa kupoza kulingana na jengo lililoboreshwa. Akikopi saizi ya mradi uliopita, umelipia kioo kizuri na chila kubwa kwa pamoja. Nimeliona hilo mara nyingi mno.

Riba ya kusubiri mkaguzi ni hoja ya haki kabisa. Naomba nikurudie kwayo.

#5 Bint Msanifu

Naomba niseme kidogo kuhusu ramani, maana lawama zinaelekea zote kwa mafundi.

Sisi wasanifu tuna dhambi yetu. Ukuta wa fremu ya chuma, unajaza insulesheni katikati ya nguzo, unaandika kwenye mchoro thamani iliyochapwa kwenye pakiti. Chuma kinapitisha joto kama njia ya mkato. Kwa nguzo za chuma zilizopangwa kila inchi 16, insulesheni ya R-13 (R ni kipimo cha kuzuia joto, kikubwa ni bora) inabaki na uwezo wa kama R-6. Umepoteza zaidi ya nusu bila fundi yeyote kukosea. Ndiyo maana kanuni nzuri zinadai tabaka lisilokatika upande wa nje wa nguzo, na ndilo hasa linaloondolewa bajeti ikibana.

Kioo nacho. Njia ya kawaida ya 90.1, ile ya kufuata orodha kama ilivyo, inaweka ukomo wa madirisha kwenye asilimia 40 ya ukuta wa nje. Ukitaka jengo la kioo kitupu inabidi upite njia ya hesabu ya jengo zima kwa kompyuta, uonyeshe kwamba umefidia kwingine. Sina ugomvi na njia hiyo, ila nani anaikagua? Modeli ina maelfu ya namba. Mpitia ramani ana mafaili mengi mezani na hana programu ya kuifungulia. Nimeshuhudia ripoti ikipita kwa sababu ya unene wake tu.

#6 KaguaKwanza

Dada umenena. Nilipokuwa napitia ramani nilijiwekea utaratibu: sifungui modeli nzima, naulizia mambo matatu. Eneo la kioo kwenye modeli ni sawa na eneo la kioo kwenye michoro? Wati za taa kwenye modeli ni sawa na jedwali la taa la fundi umeme? Kioo kilichoandikwa kina kiasi gani cha joto la jua linalopenya, na ndicho kilichomo kwenye BOQ, yaani orodha ya vifaa na bei ya mkandarasi? Modeli nyingi zilianguka kwenye la tatu. Modeli ina kioo cha hali ya juu, BOQ ina "kioo, milimita 6".

Na kwa majengo ya kawaida yanayofuata orodha, Wizara ya Nishati ya Marekani inatoa bure programu ya COMcheck. Mbunifu anajaza kuta, paa, madirisha na taa, inamwambia kama amefaulu, inamchapia hati ya mkaguzi. Mahali pasipo na chombo cha namna hiyo, manispaa inaweza kuanza na fomu ya kurasa mbili. Mpitia ramani anachohitaji ni namba zote kukaa sehemu moja.

#7 Jicho la Sheria

Nichangie upande wa kupitisha, maana mwanzisha uzi ameupita haraka na mimi naona una uzito wake.

Kanuni hizi nyingi ni watoto wa msukosuko wa mafuta wa 1973. California ilitunga sheria yake 1974 na viwango vya kwanza vikaja 1978. ASHRAE ilitoa kiwango cha 90 mwaka 1975. Sheria ya nishati ya Marekani ya 1992 ikasema kwamba wizara ikishatamka toleo jipya la 90.1 linaokoa nishati, kila jimbo lina miaka miwili ya kuthibitisha kuwa kanuni yake ya majengo ya biashara inalifikia. Imeandikwa vizuri, lakini hadi leo Missouri na Arizona hazina kanuni ya jimbo zima, kila mji unaamua wenyewe. Mkandarasi anavuka barabara anakuta masharti mengine.

India ni somo jingine. Sheria mama ni ya 2001, kanuni ya majengo ya biashara ECBC ikatoka 2007 na kurekebishwa 2017. Inawahusu wenye mzigo wa umeme wa kilowati 100 na kuendelea. Lakini ili imbane mtu lazima jimbo liitangaze, kisha miji iiingize kwenye sheria zake ndogo za ujenzi. Ngazi tatu, na kila ngazi ina meza yake ya kukalia faili.

Ulaya walikwenda kwa maagizo: la 2002, la 2010 lililodai majengo yote mapya yatumie nishati karibu na sifuri kufikia mwisho wa 2020, na la 2024. Kila nchi inajiandikia kanuni zake chini ya agizo.

Ombi langu kwa yeyote anayeandaa kanuni: msiandike namba zote ndani ya sheria yenyewe. Sheria itaje mamlaka na wajibu, namba zikae kwenye kiwango kinachoweza kupitiwa kila baada ya miaka mitatu. Sheria yenye wati za taa za enzi za mirija inageuka ruhusa ya kupoteza umeme.

#8 Fundi Dakti

Jicho la Sheria, huko juu sawa. Ila mimi nauliza ya chini: China wanafanyaje? Nasikia wao wanajenga haraka kuliko wote.

#9 KaguaKwanza

Swali zuri sana, na jibu lake linarudi kwenye hoja yangu. Mbali na kanuni ya usanifu, China mwaka 2007 ilitoa kiwango kingine, GB 50411, kinachohusu kupokea kazi za nishati kwenye ujenzi. Yaani insulesheni ya ukuta, madirisha, viyoyozi na taa vikawa fungu la kazi linalokaguliwa na kutiwa saini kabla ya jengo kupokelewa, kama yalivyo mafungu mengine. Usanifu una kitabu chake, na kupokea kazi kuna chake. Sehemu nyingi tuna cha kwanza tu.

Sasa nirudi kwa Mwenye Majengo na riba yake. Ukaguzi wa nishati usiwe safari mpya ya mtu mpya. Unaweza kuegeshwa kwenye hatua ambazo mkaguzi tayari anakuja. Mimi ningechagua hatua tatu za kusimama: paa na ukuta kabla ya kufunikwa, dakti na mabomba kabla ya dari kufungwa, na majaribio ya mifumo kabla ya kibali cha kutumia jengo. Na mamlaka ijibane yenyewe: isipofika ndani ya muda uliotajwa, mkaguzi binafsi mwenye leseni afanye kazi hiyo. Mkaguzi huyo asichaguliwe wala kulipwa na mkandarasi anayemkagua. Ada ilipwe kwa mamlaka pamoja na ada ya kibali, mamlaka imlipe yeye. Hilo likilegezwa, tunarudi kwenye risiti na milimita 50.

#10 Mwenye Majengo

Hiyo ya kufungwa na muda nimeielewa, na kwa masharti hayo nakubali. Tatizo langu siku zote lilikuwa kutojua nitasubiri hadi lini.

Lakini bado nauliza. Mkishakagua yote hayo na jengo likala umeme uleule, itakuwaje? Nina jengo lililofuzu kila kitu na bili ya eneo la pamoja haikushuka.

#11 Bint Msanifu

Sensa za taa za korido ziliunganishwa?

#12 Mwenye Majengo

Zipo, kila ghorofa. Zinawaka taa nyekundu.

#13 Fundi Dakti

Taa nyekundu inaonyesha sensa ina umeme na imekuona. Haionyeshi kama imeunganishwa na taa za dari. Boss, nenda usiku kukiwa hakuna mtu, kaa kwenye ngazi, subiri. Zisipozima, waya wa kuamuru haukufika kwenye relei (swichi inayozima taa), au mtu aliweka muda wa mwisho kabisa ili wapangaji wasilalamike.

#14 KaguaKwanza

Haswa. Kiwango cha 90.1 kwa sasa kinataka taa za maeneo mengi ya namna hiyo zijizime au zipungue ndani ya dakika 20 baada ya watu kuondoka. Nimekagua jengo lenye sensa zaidi ya mia moja na hakuna hata moja iliyokuwa imepangwa. Mkandarasi wa umeme alisema ni kazi ya mtu wa mifumo, mtu wa mifumo akasema mkataba wake unaishia kwenye kabati. Kila mmoja alikuwa na karatasi. Ndiyo maana hatua ya tatu ya kusimama lazima iwe majaribio ya mbele ya macho: ingia, toka, shika saa.

Kuhusu jengo kula umeme uleule baada ya kufuzu, hapo kanuni ya ujenzi imefika mwisho wa mkono wake. Kuna miji na nchi zimeongeza sheria ya jengo likiwa kwenye matumizi. New York ilipitisha Local Law 97 mwaka 2019 kwa majengo ya zaidi ya futi za mraba 25,000. Ukomo wa gesi joto zinazotokana na matumizi ya nishati ya jengo ulianza 2024, na kila tani inayozidi ina faini ya hadi dola 268 kwa mwaka. Uholanzi tangu 2023 ofisi ya zaidi ya mita za mraba 100 inatakiwa iwe na daraja C la nishati au bora zaidi, la sivyo isitumike kama ofisi. Australia ina NABERS, mfumo wa kuyapa majengo madaraja ya nishati, unaopima kwa bili halisi za miezi 12, na tangu 2010 mwenye ofisi kubwa lazima atangaze daraja lake anapouza au kupangisha. Naipenda sana njia hii ya mwisho, kwa sababu mpangaji anaona namba kabla hajasaini, na lile tatizo la nani analipa bili linaanza kulegea.

#15 Karani wa Vibali

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya vibali. Kanuni imeshapitishwa juu yetu, tumeletewa kitabu, hatukuletewa mtu. Tuna mkaguzi mmoja wa majengo yote, na yeye ni wa miundo. Niambieni ukweli, tunaanzia wapi? Nikisubiri nipate watatu nitastaafu.

#16 KaguaKwanza

Ndugu Karani, kwanza pole, na hongera kwa kuuliza.

Kitabu kizima huwezi. Anza na majengo makubwa tu, weka kiwango cha ukubwa ambacho mtu mmoja anaweza kukimudu, na kitangaze. Ni bora majengo kumi yakaguliwe kwelikweli kuliko mia yakapigwa mhuri. Kisha chagua vitu vinne ambavyo kosa lake halirekebishiki au ni ghali kurekebisha: insulesheni ya paa, kioo, kuziba dakti, na sensa na saa za taa. Vingine vyote chukua tamko la mhandisi lenye saini na namba ya leseni, uhifadhi.

Kioo kikague siku kinapoingia saiti, kabla vibandiko vya kiwandani havijabanduliwa. Baada ya hapo vioo vyote vinafanana.

Paa hata mkaguzi wako wa miundo anaweza. Anakuja kuona nondo, aje na rula.

#17 Karani wa Vibali

Na siku ambazo hawezi kufika? Picha zinakubalika?

#18 KaguaKwanza

Zinakubalika kama umeandika kabla unataka picha za namna gani. Mimi ningedai hivi: rula imechomekwa kwenye insulesheni na namba zinasomeka, ubao wenye namba ya kibali na tarehe uonekane ndani ya picha, sehemu sita za paa zilizochaguliwa na ofisi yako asubuhi ileile, siyo na mkandarasi. Pembe mbili ziwemo daima, na kando ya mabomba yanayotoboa paa, maana huko ndiko insulesheni inakatwa vibaya. Picha zitumwe kabla ya zege, na zege lisimwagwe hadi ujibu. Ukikaa kimya hadi kesho yake mchana, wamwage. Wewe nawe ubanwe.

#19 Fundi Dakti

Niongeze ya kwetu. Dakti: picha ya maungio kabla dari haijafungwa, masitiki ionekane pande zote, siyo upande wa kamera tu. Damper ya hewa ya nje: video moja bila kukata, mtu anabadilisha amri kwenye kidhibiti, damper inafunguka, inafunga, halafu kamera inakwenda kwenye mota kuonyesha hakuna waya uliofungwa. Dakika mbili zinatosha. Mimi mradi wangu unaofuata naanza kupiga, hata kama hakuna aliyeniomba.

#20 Karani wa Vibali

Nimechapa hizo mbili kama zilivyo, nazipeleka kwa mkuu wangu Jumatatu. Kuna jengo la ghorofa sita linamwaga paa wiki ijayo. Nitaleta majibu hapa.